Anayetaka Kusoma Sheria Aanze Kuandika

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari yakitoka, vijana wa Kamina humwagiwa poda nyeupe kichwani, huzunguka mitaa ya Sobongo na Dimayi wakiimba, na mama zao hupiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Nafurahi pamoja nao, kwani wengi nimewafundisha Kifaransa. Poda ikishaoshwa, nyumbani hubaki swali moja: mtoto akasome nini chuo kikuu? Na jibu ninalolisikia kuliko mengine, hasa kwa mtoto aliyepata asilimia 52 au 55, ni fupi: "Aende sheria."

Linasemwa kwa wepesi unaoniumiza. Udaktari unataka biolojia, uhandisi unataka hesabu, sheria eti inataka mdomo. Baba mmoja, mfanyakazi wa reli, alinijia na matokeo ya kijana wake mkononi akaniambia, "Mama mwalimu, huyu nyumbani hashindwi neno. Atakuwa avoka." Ni baba mwema, anajinyima ili watoto wasome, na sikutaka kumkatisha tamaa. Nilimwomba tu anionyeshe daftari la kijana. Ndani yake hapakuwa na ukurasa hata mmoja alioandika kwa maneno yake mwenyewe. Yalikuwamo majibu ya mazoezi: 1c, 2a, 3e, 4b, kurasa kwa kurasa.

Hilo ndilo jambo langu leo. Watoto wetu wanapelekwa kwenye sheria bila kufunzwa kazi ambayo sheria itawadai tangu mwezi wa kwanza, nayo ni kuandika: kueleza kisa kwa mpangilio, kuuliza swali linalohusika, kutafuta kanuni, kujibu, na kulitetea jibu. Tukitaka waingie chuoni na wabaki huko, maandalizi hayo yaanze darasa la tano la sekondari, hapa hapa Kamina. Kusubiri diploma ya sekondari ni kuchelewa.

Siandiki haya kuwalaumu watoto. Kikao cha kawaida cha mtihani wa Serikali huchukua siku nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya mchepuo. Kila swali lina majibu yake chini, na mtahiniwa anachagua herufi. Insha ya Kifaransa ipo, lakini huandikwa mara moja tu, katika sehemu inayotangulia kikao. Naelewa kwa nini mtihani uliundwa hivyo. Nchi ni kubwa mno, na ni haki mtoto wa Kinshasa na mtoto wa kijijini wasahihishwe kwa kipimo kimoja, bila upendeleo. Lakini mtihani ndio unaomwamuru mwalimu afundishe nini. Mwaka wote wa sita umekuwa mwaka wa herufi. Mwalimu akitoa insha kila wiki, wazazi wanamuuliza kwa nini anapoteza muda, naye mwenyewe akitazama rundo la madaftari mezani usiku, bila umeme, anajiuliza vivyo hivyo.

Kijana aliyezoezwa herufi hivyo, miezi michache baadaye, anaketi katika ukumbi wa mwaka wa kwanza wa sheria. Anafundishwa utangulizi wa sheria, sheria ya kikatiba, sheria ya kiraia. Ananunua silabasi ya profesa, anaikariri kwa mwanga wa tochi. Siku ya mtihani anapewa kisa cha mistari kumi na karatasi tupu. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakirudi Kamina baada ya mwaka mmoja, kimya, pesa za familia zimekwisha, na mtaani wanasemwa kwamba sheria imewashinda. Mimi nasema hatukuwaandaa.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi, katika chumba tulichoazimwa na parokia, nakutana na wanafunzi wa darasa la tano na la sita wanaotaka sheria, pamoja na wachache wenye diploma wanaosubiri mwaka mpya wa masomo. Vitabu hatuna. Tuna Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, na tuna Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2016, zote fotokopi, kingo zimelegea kwa kushikwa. Kwa mtu anayejiandaa kuingia kitivo cha sheria, hizo mbili zinatosha kwa mwaka mzima.

Nieleze kisa kimoja tulichokifanya. Mwanamume amefariki Kamina. Alikuwa amefunga ndoa ya serikali. Ameacha mjane, watoto sita, mama yake mzazi, na kaka wawili. Ameacha nyumba. Msiba haujaisha, kaka wamekuja na kufuli na kumwambia mjane atoke. Nani anarithi nini?

Darasa liliwaka. Hakuna mtoto wa hapa ambaye hajaona jambo hili kwa jirani au kwao wenyewe. Vijana wawili walisimama kusema nyumba ni ya ukoo wa mume. Wasichana wakapaza sauti. Niliwaacha wabishane kwa Kiswahili na Kiluba mpaka wakachoka, kisha tukafungua Kanuni ya Familia, kifungu cha 758 na vinavyofuata. Watoto wa marehemu ni kundi la kwanza la warithi. Mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake ni kundi la pili. Kundi la kwanza linachukua robo tatu ya urithi, la pili robo inayobaki. Na ndani ya robo hiyo, ikiwa pande zote tatu zipo, kila upande unapata sehemu moja ya kumi na mbili.

Tukaenda ubaoni. Robo tatu kwa watoto sita ni moja ya nane kwa kila mtoto. Mjane moja ya kumi na mbili. Mama wa marehemu vivyo hivyo. Kaka wawili wanagawana moja ya kumi na mbili, kila mmoja moja ya ishirini na nne. Kijana aliyewahi kuniambia kwamba alichagua sheria ili aachane na hesabu alilazimika kurudia sehemu alizojifunza shule ya msingi, na alizirudia kwa bidii, ulimi nje, maana sasa hesabu ilikuwa na watu ndani yake.

Nilidhani tumemaliza. Msichana mmoja wa darasa la sita, mkimya sana, akainua mkono. "Madamu, lakini nyumba si waliijenga wote wawili? Kabla ya kugawa urithi, tusitoe kwanza sehemu ya mama?"

Hapo ndipo mwanasheria anapoanza. Hakuna aliyemfundisha swali hilo. Na jibu lake limo katika Kanuni ile ile: wanandoa wasiochagua mfumo wa mali yao huhesabiwa kuwa chini ya mfumo ambamo mali waliyoipata ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Kinachorithiwa basi ni sehemu ya marehemu peke yake. Isitoshe, mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wakiishi, hata kama umiliki umegawanyika. Kaka hawana ruhusa ya kufunga mlango wowote.

Kisha likaja lililo gumu, kuandika. Rasimu ya kwanza ya msichana yule ilianza kwa hasira: ndugu wa mume ni watu wabaya, hawamwogopi Mungu. Nilimwambia aifute, ingawa naamini ni kweli. Nilimtaka aandike aya nne. Nini kimetokea, bila kumhukumu yeyote. Swali ni lipi. Sheria inasema nini, kwa namba ya kifungu. Kwa hiyo jibu ni lipi, na mtu wa upande wa pili angepinga vipi. Alipoandika upya, ukurasa wake haukuwa na neno hata moja la kulaumu, na ulikuwa na nguvu mara dufu. Msomaji angemaliza kuusoma akijua kwamba kaka wale hawana hoja, na hakuna mahali alipoambiwa awachukie. Mtoto anayeweza kuandika ukurasa huo, mimi siogopi kumpeleka kwenye mtihani wowote wa kuingia, Lubumbashi, Kinshasa au kwingineko.

Wapo wanaonilaumu kwamba naanza kwa Kiswahili na Kiluba wakati mtihani ni wa Kifaransa. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Hakuna anayenishinda kukitakia mema. Ila nimeona tena na tena kwamba mtoto akilazimishwa kufikiri katika lugha ambayo bado anaitafuta, hutoa sentensi za kukariri. Akikubaliwa kwanza abishane katika lugha anayoimudu, hoja huwa yake, na kuihamisha kwenda Kifaransa kunabaki kazi ya ufundi ambayo naweza kumsaidia. Tena sheria yenyewe inamtaka awe na lugha zote. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa, na asiwekwe mahabusu ya polisi zaidi ya saa 48. Mama muuza samaki wa Bukama akishikwa, atahitaji mtu wa kumweleza hayo kwa Kiluba na kuyadai kwa Kifaransa mbele ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Mtu huyo tunamtaka atoke wapi, kama si katika madarasa yetu?

Tumewahi kufanya vigumu kuliko hivi. Marcel Lihau, mzaliwa wa Lisala mwaka 1931, alitaka sheria wakati Wabelgiji walikuwa hawawaruhusu Wakongo kuisoma. Ili apokewe Chuo Kikuu cha Leuven ilimpasa afaulu mtihani wa kuingia uliotaka Kilatini, Kigiriki na Kiflemi. Mapadri Wajesuiti walimwandaa, akafaulu, akawa miongoni mwa wanasheria wa kwanza wa nchi hii. Mwaka 1968 akawa Rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Haki. Mwaka 1975 aliondolewa kwa sababu alikataa kutekeleza amri ya kuwapa wanafunzi walioandamana adhabu kali. Nawasimulia vijana wangu maisha haya kila mwaka. Wanavutiwa na cheo. Mimi nawarudisha kwenye miezi ile ya maandalizi, mtu mzima akikaa na walimu wake kujifunza lugha za kigeni ili tu aruhusiwe kujaribu.

Majirani wetu pia wanahangaika na jambo hili. Tanzania, mwaka 2022, matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wote walikuwa tayari na shahada ya sheria. Serikali iliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere huwafanyisha mtihani wa kuingia vijana wanaotaka shahada ya sheria, hata wenye alama nzuri za sekondari. Kenya, sheria ya mwaka 2012 kuhusu Chuo cha Sheria iliweka sharti la alama B ya sekondari katika Kiingereza au Kiswahili kwa anayetaka kufundishwa uwakili. Natamani wakubwa wetu wa Kinshasa wangeisoma sentensi hiyo mara mbili.

Kwetu, kuna vitivo vinavyoweka mtihani wa kuingia na kuna vinavyotazama asilimia ya diploma peke yake. Mimi nautaka mtihani. Asilimia 55 iliyopatikana kwa kuchagua herufi hainiambii kama kijana anaweza kufuata hoja kurasa mbili. Lakini uwe mtihani wa kuandika kweli, maswali ya miaka iliyopita yatolewe hadharani ili mtoto asiye na mjomba chuoni ajue anachojiandalia, na ufanyike hapa.

Hili la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Tazama safari ya kijana wa Malemba-Nkulu au Kabongo anayetaka kuomba nafasi Lubumbashi. Kwanza anakusanya makaratasi: nakala za diploma au za cheti cha kufaulu, bulletin za darasa la tano na la sita, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, cheti cha daktari, picha za pasipoti. Kila karatasi ina ofisi yake, kila ofisi ina ada yake, na nyingine zina ada isiyoandikwa popote. Halafu anakuja Kamina. Kutoka Kamina mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 600 kwa reli, na anayejua treni zetu anajua kwamba siku ya kuondoka ni matumaini na siku ya kufika ni majaliwa. Anayepanda lori kupitia Bukama na Lubudi hufika na vumbi mpaka kwenye nyaraka. Mahindi ya familia yameuzwa kabla hajaandika neno moja. Akishindwa mtihani, amepoteza yote hayo. Akiukosa kwa sababu treni ilichelewa, ni vivyo hivyo.

Sasa niulize. Kila mwaka Serikali hufikisha mtihani wake Kaniama, Kabongo, Bukama, Malemba-Nkulu na hapa Kamina, bahasha zimefungwa, siku zile zile kwa nchi nzima. Jambo hilo tunaliweza. Chuo kikuu kinashindwaje kutuma bahasha moja ya mtihani wa sheria Kamina, makao makuu ya jimbo tangu mwaka 2015? Kumbi zipo. Chuo Kikuu cha Kamina kipo. Wasimamizi wapo, nami nitakuwa wa kwanza kujitolea. Wabunge wetu wa jimbo wanaoahidi barabara kila kampeni wangeweza kulipata hili kwa barua na vikao vichache.

Kwa wazazi nina maneno ya haraka. Tangu mageuzi ya elimu ya juu yaitwayo LMD, yaliyoanza mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka 3 na masta miaka 2. Baada ya hapo milango mingine bado. Uwakili, kwa sheria ya mwaka 1979, una miaka 2 ya mazoezi. Uhakimu, kwa sheria ya mwaka 2006, unaingiwa kwa mtihani wa ushindani. Anayempeleka mtoto sheria kwa kuwa ni njia rahisi ajue ni mitihani ya kuandika mwanzo hadi mwisho. Makaratasi yasiyotegemea matokeo, kama cheti cha kuzaliwa, yatafutwe mwezi wa tatu au wa nne, wakati ofisi hazina msongamano. Na msimpe franka hata moja mtu anayesema ana jamaa ndani wa kumwekea mtoto nafasi. Nimemwona mama akiuza mashine yake ya kushonea kwa ahadi ya namna hiyo. Nafasi haikupatikana, wala mashine haikurudi.

Mawakili na mahakimu wa mji huu, nawaomba asubuhi moja ya Jumamosi. Wakili mmoja kijana aliwahi kuja kwetu, akaketi kwenye benchi la mbele, akasoma kurasa za wanafunzi moja moja na kuziandikia pembeni kwa penseli. Msichana wa lile swali la nyumba aliulizwa, "Na kama hawakufunga ndoa ya serikali?" Alikaa na swali hilo wiki nzima. Silabasi haiwezi kumfanyia mtoto hivyo.

Na Serikali ina deni lake lililoandikwa. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Kama Kanuni ya Familia ingefika Kamina kwa Kiswahili, mjane angejua haki yake kabla kufuli halijafungwa, na mtoto wa darasa la tano angekuwa na kitu cha kusoma mezani kwa mama yake.

Wakati tunasubiri, tuna kazi. Yeyote mwenye karatasi za mitihani ya kuingia vitivo vya sheria za miaka iliyopita, za chuo chochote, hata zilizochanika, ampelekee prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari iliyo karibu naye, na amwombe azifikishe kwa walimu wa Kifaransa. Fotokopi ikikosa umeme, tutazinakili kwa mkono. Nalo ni zoezi zuri la kuandika. Mwaka wa masomo haujaanza, na wanafunzi wa darasa la tano wameshaniuliza kama Jumamosi waje na daftari jipya au wamalizie la zamani. Nimewaambia waje na jipya.